Kompyuta ya Michezo: Ipi Inamfaa Mnunuzi wa Mang'ola?

Mang'ola, wilayani Karatu, fedha za vitunguu huja kwa msimu. Anayekusudia kuzinunulia kompyuta ya michezo hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Kompyuta ya kushika mikononi ndiyo ngeni zaidi. Steam Deck ya kampuni ya Valve ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022, ilitoka na kioo cha inchi 7 na betri inayodumu saa 2 hadi 8 kulingana na mchezo. Ni kompyuta kamili, lakini haina kibodi; kuandikia barua ya maombi ya kazi ni adha mpaka kibodi inunuliwe kando.

Kompyuta ya mezani hutoa nguvu kubwa zaidi kwa bei ileile, na kadi yake ya picha ikichakaa hubadilishwa peke yake. Hata hivyo, umeme ukikatika huzimika papo hapo. Gharama ya skrini na kifaa cha akiba ya umeme ihesabiwe tangu mwanzo.

Kompyuta mpakato hupungua nguvu inapotumia betri, na kadi yake kwa kawaida haibadilishiki. Lakini kwa kaya itakayomiliki kifaa kimoja tu, ndiyo inayofaa: mwanafunzi ataandikia, mkulima atatunza hesabu za shamba, mchezo usubiri jioni.

Michezo mingi hupakuliwa kwa intaneti, na mmoja huweza kuzidi gigabaiti 100, mzigo mzito kwa kifurushi cha simu. Mnunuzi adai risiti ya EFD, ambayo ni wajibu wake kisheria, na aitunze pamoja na hati ya dhamana.