Mawanda ya Ulimwengu wa Kubuni katika Filamu za Jurassic Park: Nafasi ya Mjusi wa Tendaguru, Lindi

Mawanda ya ulimwengu wa kubuni mara nyingi hupimwa kwa kuorodhesha maeneo yanayoonekana au kutajwa. Kwa mfululizo ulioanzishwa na Jurassic Park (1993) ya Steven Spielberg, orodha hiyo ni rahisi: mgodi wa kaharabu katika Jamhuri ya Dominika, machimbo ya mifupa Montana, visiwa vya kubuni vya Isla Nublar na Isla Sorna, hadi Jurassic World Dominion (2022) ambamo wanyama hao wamekwisha kusambaa duniani. Lindi haimo. Makala hii inadai kwamba Lindi imo, na kwamba ni kipimo ndicho chenye kasoro.

Mnyama wa kwanza ambaye wageni wa Isla Nublar wanamwona wazi ni Brachiosaurus. Jina hilo lilitolewa na Elmer Riggs mwaka 1903 kwa mifupa ya Colorado, Marekani, ambayo haikuwa na fuvu wala shingo. Umbo linalofahamika na watu, yaani shingo iliyosimama, miguu ya mbele mirefu na kichwa chenye upinde juu ya pua, limetokana hasa na mifupa ya Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Werner Janensch aliieleza mwaka 1914, na kiunzi chake kikasimamishwa Berlin mwaka 1937. Mwaka 2009 Michael Taylor alionesha kuwa tofauti kati ya mnyama wa Colorado na wa Lindi zinatosha kumweka huyu wa pili katika jenasi yake, Giraffatitan. Kwa hiyo, kinachotembea katika filamu ni, kwa sehemu kubwa, mwili wa Lindi wenye jina la Colorado.

Mwili huo haukufika Berlin wenyewe. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji kuiacha kusini katika njaa, mamia ya wenyeji walichimba na kubeba mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake liliingia katika orodha ya sayansi mwaka 2007 tu, kupitia Australodocus bohetii.

Je, haya yamo ndani ya ulimwengu wa filamu? Lubomír Doležel angejibu kwamba ulimwengu wa kubuni una mapengo, na kile ambacho matini haikukisema hakipo. Marie-Laure Ryan anashikilia kinyume: msomaji huuchukulia ulimwengu wa kubuni kuwa sawa na wetu, isipokuwa pale matini inapoubadili. Mtafiti anaegemea kwa Ryan, kwa sababu iliyo ndani ya hadithi yenyewe. Wahusika wanamtambua Brachiosaurus na kumtaja kwa jina mara wamwonapo. Vinasaba vilivyotolewa katika kaharabu vinaeleza jinsi mnyama alivyoumbwa upya, lakini havielezi wahusika walijuaje sura yake. (Kaharabu ya Dominika, kwa hakika, ni changa mno kuhifadhi damu ya mijusi hao, hapo matini imeubadili ulimwengu, nasi tunakubali.) Ujuzi wao unadai kuwapo kwa kiunzi, kiunzi kinadai machimbo, na hakuna mahali ambapo filamu inayafuta machimbo ya Tendaguru.

Suala hili halikomei kwenye nadharia. Katika Bunge la Tanzania imeulizwa zaidi ya mara moja nchi inanufaikaje na mjusi aliyeko Berlin. Mhakiki anayepima mawanda kwa orodha ya maeneo peke yake humwondoa Boheti kwa mara ya pili.

Kigezo hiki kina mpaka wake. Kinafaa pale mfululizo unapoazima vitu halisi vya dunia hii. Kwa Star Wars, yenye galaksi isiyo na Dunia wala Lindi, hakina pa kushika.