Familia Isilishwe Makombo ya Semina

Kila shule zinapofungwa, misafara ya walimu huelekea Mombasa. Mikutano ya kila mwaka ya walimu wakuu, wa shule za msingi na wa shule za upili, imefanyiwa huko mara nyingi, na warsha ndogo ndogo za masomo hufuata mkondo huo huo, aghalabu katika hoteli za Nyali na Bamburi. Wapo wanaonung'unika kwamba semina hizi ni likizo zilizovishwa koti na tai. Hoja yao ina uzito pale nauli na malazi yanapotoka katika karo ya mzazi aliyeuza mahindi yake. Lakini wanapofikia hatua ya kumlaumu mwalimu kwa kuandamana na mkewe na watoto, hapo nawaacha njiani.

Mwalimu wa Nyamira au Kapsabet mwenye watoto wadogo atawaonyesha bahari lini, ikiwa si siku ile ambayo kazi imemlipia nauli yake mwenyewe? Garimoshi la Madaraka, lililoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwezi wa Juni 2017, humchukua mtoto wa chini ya miaka 3 bila malipo, na yule ambaye hajatimiza miaka 12 kwa nusu ya nauli. Kinachosalia mwalimu akitoe mfukoni mwake hadi senti ya mwisho, kwa maana chumba cha semina ni cha mwanasemina. Hilo halihitaji mjadala.

Linalonishughulisha ni jingine: familia ikishafika, hupewa nini?

Agosti ya mwaka jana nilihudhuria warsha ya siku nne huko Nyali. Asubuhi ya pili, tukiwa kwenye kiamsha kinywa, mke wa mwalimu mwenzangu alikuwa na mtoto mmoja pajani na mwingine chini ya meza. Alimgeukia mumewe akamwambia kwa upole, "Baba watoto, wewe uko kazini, na mimi niko kazini. Aliye likizoni ni nani?" Mwenzetu akacheka, akaitazama saa yake, akaelekea ukumbini. Mama yule akarudi ghorofani na watoto wawili, bila jiko, bila jirani, bila nyanya wa kumshikia mmoja huku akimwosha mwingine. Kazi ilikuwa ile ile ya nyumbani, ila sasa aliifanya katika chumba kimoja, mbali na vyombo vyake.

Atajibu mtu kwamba warsha humalizika saa kumi na nusu, na bahari ipo pale pale mlangoni. Jibu hilo ni la mtu wa bara. Bahari ina ratiba yake, nayo haichapishwi pamoja na ya semina. Katika pwani ya Mombasa, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji ya bamvua hupwa mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa mwendo wa saa kumi au saa kumi na moja jioni. Basi baba anapovua tai yake na kuteremka ufuoni, mchanga umekwisha kumezwa, maji yanapiga kuta za hoteli, na mtoto wa miaka mitatu hana mahali pa kusimama. Saa zilizomfaa, wakati maji yalipojitenga yakaacha vidimbwi vyenye kaa, visamaki na viti vya pweza, baba alikuwa akisikiliza mhadhara juu ya utahini. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, hata baada ya juma moja mambo yakawa kinyume. Mvuvi wa Nyali huyajua haya bila kalenda. Sisi tunaoyafundisha darasani ndio tunaoshangaa.

Kwa sababu hiyo mke wangu, ambaye pia ni mwalimu, hakuja nami. Alikuja na watoto siku ya mwisho ya warsha, wakashuka Miritini alasiri, wakapita Changamwe na Makupa, wakakatiza kisiwa na kuvuka daraja la Nyali, lile lililofunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea la 1931. Nilikuwa nimekwisha rudisha ufunguo wa chumba cha warsha na kukodi kingine Kisauni, mbali na ufuo na mbali na bei zake. Tulikuwa na siku tatu kamili zisizo na mkutano.

Siku ya kwanza tulikwenda Haller Park, Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi 1954 kilichimba mawe ya matumbawe mahali pale hadi pakabaki shimo jeupe lisiloota kitu. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alianza kupanda miti humo, na uliostahimili vizuri ni mvinje. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, hata akawaleta jongoo wakayala, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Wanangu walilisha twiga, wakasikia pia habari za Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe mkongwe Mzee kuwa mwandani wake. Hata hivyo, walichozungumzia usiku kucha ni jongoo.

Ya pili ilikuwa ya bahari. Kisheria ufuo ni wa umma, lakini kuta za hoteli na majumba zimeacha vichochoro vichache vya kuufikia, kwa hiyo tulikwenda ule wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji huuita Pirates, wenye wauza madafu na mabuyu, ngamia wa kupandwa na tyubu za magurudumu za kukodi. Tulifika maji yakipwa. Mdogo aliuliza ni nani aliyeyachukua. Mama yake akachora mwezi mchangani, na kwa nusu saa nikawa mwanafunzi wa mke wangu.

Ya tatu nilitaka tulione kaburi la mke wa Krapf, upande huo huo wa Nyali. Mwalimu wa Kiswahili asilipite. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844 kwa kazi ya umisheni, akiwa na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na katika siku chache homa ikamwua mama, na kichanga kikamfuata. Krapf alibaki, akatoa sarufi yake ya Kiswahili 1850. Kamusi yake ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Nasimulia haya pia kwa sababu mtoto wa nyanda za juu hana kinga ya malaria hata leo. Ulizeni daktari kabla ya safari, na chandarua kiwe cha kwanza mkobani.

Kwa waandalizi nina ombi dogo. Warsha zetu nyingi huisha Ijumaa jioni, shehe na padri wakishaomba, na mwalimu hufika kwake Jumamosi usiku akiwa hoi. Zikianza Jumatatu na kwisha Alhamisi adhuhuri, mada zote zitatoshea, tukipunguza hotuba za ufunguzi. Tarehe ya kurudi kwenye tikiti ya mwalimu iachwe wazi hadi Jumapili, kwani nauli ni ile ile. Na maadamu majedwali ya maji kupwa na kujaa hutolewa mapema kwa mwaka mzima, katibu anayepanga tarehe na ayatazame pia.