Kivuli cha Msafiri



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wetu (S.A.W.), wiki hii tuzungumze jambo ambalo aghlabu hatulitazami: kivuli cha wenye kungoja.

Sisi wa Wiyoni hatuna basi mtaani, lakini hakuna nyumba isiyo na msafiri. Aendaye Malindi au Mombasa huvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha hungoja basi. Msimu wa kaskazi uliopita, nikirejea safari, nilishuka katika kituo kimoja cha njiani saa saba mchana. Palikuwa na banda jipya la mabati, lina viti, na ndani hamna mtu. Abiria wote walijibanza ubavuni mwa lori lililoegeshwa, miongoni mwao mama mmoja wa mtaani kwetu na kichanga chake. Nilipomuuliza mbona hakai bandani, alinijibu, "Sheikh, mle ni tanuri." Tulipofika nyumbani magharibi, mtoto alikuwa amelegea, midomo imekauka. Alipelekwa hospitali usiku ule ule, na alhamdulillahi alipona.

Tangu siku ile nimelifikiri sana lile banda. Bati tupu hunyonya joto la jua, kisha hulishusha juu ya vichwa vya walioketi chini yake. Paa likiwa la chini na pande zote zimezibwa, hewa ya moto haina pa kutokea. Mwenye kukaa humo amekingwa na jua, lakini anachomwa na paa.

Lamu iko digrii mbili na kidogo tu kusini ya ikweta. Adhuhuri jua hutupita karibu na utosi, kwa hiyo paa ndilo ngao kubwa. Asubuhi na alasiri hutujia kwa mashariki na magharibi. Basi banda na liwe refu kutoka mashariki kwenda magharibi, ncha hizo mbili ziwe na kuta, na kaskazini na kusini pawe wazi. Tazama hikima ya Mola: kaskazi na kusi, pepo zetu mbili, zitapita humo humo.

Waliojenga mji wetu, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, waliyajua mambo ya joto. Walifanya vichochoro vyembamba ili nyumba moja iitie nyingine kivuli, na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Mlangoni waliweka daka lenye baraza za mawe, mgeni apate kuketi penye ubaridi hata kabla ya kukaribishwa ndani. Hicho nacho ni kituo cha kungojea.

Ndugu zetu walioko Dubai hutusimulia vituo vya basi vilivyozungushwa vioo na kutiwa viyoyozi. Kwetu, siku umeme ukikatika, chumba cha vioo kitakuwa tanuri la pili.

Makuti yana ubaridi kwa kuwa hushika hewa kati ya majani yake, na mikono ya mama zetu inajua kuyasuka. Lakini tunaijua pia hatari ya moto. Penye nyumba na majiko karibu, bati na libaki, liinuliwe juu, lipakwe rangi nyeupe, na chini yake itiwe dari ya mbao, pakiachwa nafasi ya upepo kati ya viwili hivyo. Kando upandwe mkungu au mwarobaini, na uwekwe mtungi wa maji wenye kifuniko na kata.

Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan akiwa mgeni aliyechoka, aliwanyweshea watu mifugo yao kisha akakiendea kivuli kupumzika. Na Mtume wetu (S.A.W.) alikataza watu wasikidhi haja zao njiani wala penye kivuli wanachokaa watu. Kivuli ni haki ya wapita njia.

Basi akina mama wenye vyama, na vijana wenye nguvu, tuchague banda moja tu, tuwaombe ruhusa wenye mamlaka nalo, tuanze kwa mkebe wa rangi na mche mmoja. Ni sadaka itakayoendelea baada yetu. Mtoto yule sasa anasimama dede. Inshaallah safari yake ijayo angoje penye ubaridi.

Wabillahi tawfiq.