Viwavijeshi: Jina Moja, Wadudu Wawili

Wanafunzi wetu wengi hapa Kigali hulijua neno "nondo" kutokana na shughuli za ujenzi: nondo hizi ni vyuma vya kuimarishia zege. Tukisema "nondo hawa", tunawazungumzia wadudu warukao usiku, jamaa ya vipepeo. Upatanisho wa kisarufi ndio unaobainisha maana.

Miongoni mwa nondo hao yumo Spodoptera exempta, mwenyeji wa Afrika. Mvua zinapoanza, husafiri usiku akisaidiwa na upepo, kisha hutaga mayai kwenye nyasi na nafaka. Viwavi wake wakizidi huwa weusi, huandamana kwa makundi na kula shamba baada ya shamba. Ndiyo maana wakaitwa viwavijeshi.

Mwaka 2016 jamaa yake wa asili ya Amerika, Spodoptera frugiperda, aligunduliwa Afrika Magharibi. Mwaka 2017 alikuwa amefika Rwanda, mwaka uleule ambao Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa Kiswahili aliitwa kiwavijeshi vamizi. Kwa Kinyarwanda aliitwa nkongwa idasanzwe. Nkongwa ni kiwavi anayetoboa mabua, na idasanzwe maana yake ni "isiyo ya kawaida".

Hapa ndipo jina la Kiswahili linapoweza kumpotosha mkulima. Kwa kawaida mgeni huyu haandamani. Jike hutaga mayai kwa mafungu na kuyafunika kwa manyoya yake. Viwavi hujificha ndani ya moyo wa mhindi, nao hulana wenyewe kwa wenyewe, hivyo mara nyingi katika mmea hubaki mmoja au wawili tu. Anayengoja kuona jeshi atakuwa amechelewa. Atazame matundu kwenye majani machanga, kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, alama ya Y iliyopinduliwa kichwani mwa kiwavi na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Kiwavi akikomaa hujichimbia ardhini, huwa pupa, kisha hutoka nondo. Penye joto, mzunguko huo huchukua takriban mwezi mmoja.

Hivyo basi, jina la Kiswahili linataja ukoo wa mdudu. La Kinyarwanda linamwelekeza mkulima mahali pa kumtafuta. Mfasiri wa vipeperushi vya kilimo asitosheke na neno la kamusi. Aongeze sentensi moja: "Fungua moyo wa mhindi, utazame ndani."