Barua za Mwalimu wa Tumutumu

Miongoni mwa maandishi yanayoangaza historia ya Nyeri ni barua za Marion Scott Stevenson, mmisionari Mskoti aliyezaliwa mwaka 1871, akaja Kenya mwaka 1907 na baadaye akafundisha kwa miaka mingi Tumutumu, karibu na Karatina, ambako alihimiza elimu ya wasichana na kupinga ukeketaji, yaani ukataji wa viungo vya uzazi vya mwanamke. Alifariki mwaka 1930, na miaka miwili baadaye mjane wa mmisionari mwenzake, Henry Scott, akachapisha wasifu wa Stevenson.

Barua hizo ni hazina, ingawa zinasimulia kwa sauti ya mgeni. Mwaka 1929, misheni ilipowadai waumini kirore, yaani alama ya kidole gumba kwenye kiapo cha kuikana mila ya ukeketaji, wengi walijitenga, na vuguvugu la shule huru za Wakikuyu likapata nguvu. Wasichana wenyewe, ambao miili yao ndiyo iliyobishaniwa, husikika kwa nadra mno. Kwa hiyo familia za Nyeri, Karatina na Murang'a zenye barua au daftari za akina nyanya zisizichome, bali zizihifadhi.