Nani Alichora Kolo? Kumjua Mchoraji Asiye na Jina

Mgeni anayefika Mongomi wa Kolo, wilayani Kondoa, hupanda kilima kwanza, kisha husimama chini ya mwamba ulioinama kama dari. Akishavuta pumzi na macho yake kuzoea kivuli, huuliza swali ambalo karibu kila mgeni huliuliza: nani alichora? Mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: hawajulikani. Hapo mazungumzo huhamia kwenye umri wa michoro na aina ya wanyama wanaoonekana.

Naliona jibu hilo kuwa la haraka. Jina la mtu kupotea ni jambo moja, na mtu mwenyewe kutojulikana ni jambo jingine. Ili tofauti hiyo ieleweke, nitapita kwanza Ulaya, ambako maisha ya wachoraji yameandikwa kwa bidii kwa karne nyingi. Nina sababu ya kupita huko: mtu aliyefanya kazi kubwa ya kunakili michoro ya Kondoa alizaliwa na kulelewa katika nyumba ya wachoraji wa Ulaya.

Mtoto mchungaji na mwamba wake

Mwaka 1550, Giorgio Vasari, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji na msanifu majengo, alichapisha huko Florence kitabu cha maisha ya wachoraji, wachongaji na wasanifu majengo wa Italia. Miongoni mwa masimulizi yake yaliyoenea sana ni la Giotto, mchoraji aliyefariki mwaka 1337. Inasemekana mchoraji mkubwa aitwaye Cimabue alikuwa njiani akamkuta mtoto akichunga kondoo. Wanyama walipokuwa wakila, mtoto aliokota jiwe lenye ncha, akamchora kondoo mmoja juu ya mwamba bapa. Cimabue alistaajabu, akaenda kumwomba baba wa mtoto, akamchukua akamfundishe kazi.

Wanahistoria wengi leo huichukulia habari hiyo kuwa hekaya. Hata hivyo, hekaya nayo ina la kutufundisha. Watu wa Florence walipotaka kueleza uchoraji wao ulianzia wapi, waliuweka mkononi mwa mtoto wa malishoni, mbele ya mwamba. Mtoto yeyote wa Ugogo au Irangi aliyekua nyuma ya ng'ombe anaijua michana ile mirefu, jiwe mkononi na mwamba mbele yake. Giotto alipata bahati ya kuandikwa: Lorenzo Ghiberti alimsimulia katika karne ya 15, na Vasari akamtangaza. Aliyechora Kolo hakuandikwa na mtu. Tofauti iko kwa mwandishi, haiko kwenye kipaji.

Mkono hujulikana kabla ya jina

Hata Ulaya kwenyewe, wachoraji wengi wa zamani hawakutia sahihi kazi zao, na majina yao yakapotea. Wataalamu hawakuishia kusema hawajulikani. Walizipanga kazi pamoja, wakazilinganisha moja moja, wakatafuta mkono uliozifanya. Katika karne ya 19, Mwitaliano Giovanni Morelli, aliyekuwa amesomea utabibu, alipendekeza kuangalia sehemu ndogo zinazodharauliwa: masikio, kucha, vidole. Hoja yake ilieleweka kirahisi. Mchoraji akifika usoni hujitahidi na kujizuia, lakini akifika kwenye sikio mkono wake hufanya kama ulivyozoea, na mazoea ndiyo yanayomtambulisha.

Kwa njia za namna hiyo, michoro isiyo na mwenyewe ilikusanywa katika mafungu, na kila fungu likapewa mwenyewe wa muda kwa kutumia mahali au kazi. Mmoja wao aliitwa Fundi wa Flémalle, kutokana na michoro iliyoko sasa Frankfurt ambayo ilidhaniwa imetoka mahali paitwapo Flémalle, karibu na Liège. Baadaye wataalamu wengi waliona kwamba huyo ni Robert Campin wa mji wa Tournai, aliyefariki mwaka 1444, ingawa mjadala haujafungwa. Tuzingatie utaratibu wenyewe: mkono ulijulikana kwanza, jina likafuata nyuma. Na kama jina lisingepatikana, Fundi wa Flémalle angebaki fundi mwenye tabia, mwenye mbinu na mwenye kazi zake.

Binti wa mchoraji aja Kondoa

Mary Nicol alizaliwa London mwaka 1913. Babu yake, Erskine Nicol, alizaliwa Leith huko Uskoti mwaka 1825, akapata sifa kwa kuchora maisha ya watu wa kawaida wa Ireland. Baba yake, Erskine Edward Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari. Alisafiri na mke na mtoto kusini mwa Ulaya akichora, kisha akarudi London kuuza alichochora. Walipokuwa Ufaransa, baba na binti walivutiwa na mapango yenye michoro ya kale. Huko Cabrerets walikutana na kasisi Amédée Lemozi, ambaye aliwaingiza katika pango la Pech Merle, lililogunduliwa miaka michache tu kabla, mwaka 1922. Mwaka 1926 baba alifariki. Mary alikuwa na miaka 13.

Shule hazikumkalia vizuri, na hakuwahi kufaulu mtihani wowote. Kilichomfungulia njia ni kalamu. Alianza kuchora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya akiolojia, na kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyehitaji mtu wa kumchorea picha za kitabu. Mwaka 1935 alifika Tanganyika na kuiona michoro ya Kondoa kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata wakaoana, naye akawa Mary Leakey.

Walirudi mwaka 1951 kuifanya kazi yenyewe. Mary aliweka karatasi angavu juu ya mwamba, akafuatisha kila mstari, kisha akauchora upya kwa vipimo na kwa rangi zake. Alinakili maumbo yapatayo 1,600. Kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1983, zaidi ya miaka 30 baadaye. Dunia inamkumbuka kwa fuvu la Olduvai la mwaka 1959 na nyayo za Laetoli, lakini Kondoa alifanya kazi ya nyumbani kwao, kazi ya mkono na jicho. Anayefuatisha mstari wa mwenzake hulazimika kupita alikopita. Huona mkono ulianzia wapi, ulikaza wapi, na rangi ilipungua wapi.

Ukuta unasema nini

Tuanze na rangi. Wekundu wa Kondoa unatokana na ngeu, udongo wenye kutu ya chuma, uliosagwa na kuchanganywa na kitu cha kuushikiza, huenda mafuta ya wanyama. Ni udongo wa ukoo ule ule uliotumiwa na wachoraji wa Italia. Cennino Cennini, aliyeandika kitabu cha ufundi wa uchoraji karibu na mwaka 1400, anaeleza jinsi baba yake alivyompeleka karibu na mji wa Colle di Val d'Elsa, akakwangua ukingo wa kilima na kuona mishipa ya udongo wa rangi mbalimbali. Kondoa nako palikuwa na mtu aliyejua kilima kipi kina ngeu nzuri, na akamwonyesha mwenziwe. Katika pango la Kisese, lililochimbwa na akina Leakey mwaka 1951 na Ray Inskeep mwaka 1956, ngeu imepatikana ardhini pamoja na shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na matabaka ya huko yanarudi nyuma zaidi ya miaka 40,000. Hapa tahadhari inahitajika: ngeu hupakwa pia mwilini na kwenye ngozi, kwa hiyo kuikuta ardhini hakutoshi kutuambia umri wa michoro ya ukutani.

Tufike kwenye mstari. Katika michoro myekundu, watu ni warefu na wembamba, vichwa vyao vina mitindo ya nywele au mapambo, na wanyama kama pofu, twiga na tembo wamejazwa kwa mistari myembamba. Mistari hiyo ilihitaji chombo chenye ncha na mkono usiotetemeka. Michoro myeupe ni tofauti: mistari yake ni minene, mingi yaonekana kupakwa kwa kidole, na maumbo yake mara nyingi ni alama kuliko picha.

Kisha kuna tabaka. Mahali rangi mbili zinapokutana, nyeupe kwa kawaida hulala juu ya nyekundu, basi nyeupe ndiyo iliyokuja baadaye. Miaka kamili ni vigumu kuitaja, kwa sababu kutu ya chuma haina kaboni ya kupimwa. UNESCO, iliyoyaingiza maeneo haya katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, inazungumzia mapango zaidi ya 150 na muda usiopungua miaka 2,000.

Na waliochora? Watafiti wengi wanaihusisha michoro myekundu na wawindaji, wazee wa Wasandawe na Wahadza, na ile myeupe na wakulima wa lugha za Kibantu. Mwaka 1971, Eric ten Raa alichapisha utafiti wake kutoka Usandawe, ambako alikuta watu ambao uchoraji miambani ulikuwa bado ndani ya kumbukumbu zao. Mtaalamu Mtanzania Fidelis Masao naye aliichunguza michoro ya eneo hili kwa kina na kuichapishia kitabu mwaka 1979. Kwa hiyo ndugu wa wachoraji hawajatoweka. Wako Farkwa na Kwa Mtoro, wilayani Chemba.

Maana ndiyo ngumu kuliko yote. Kuna picha moja mashuhuri ya watu watano, aliye katikati akiwa ameshikwa na wawili kila upande. Mary Leakey aliiona kuwa ni tukio la utekaji. Wengine, wakikumbuka ngoma ya simbó ya Wasandawe ambayo humfikisha mchezaji katika hali ya kupagawa, huona watu wakimtegemeza mwenzao. Picha ni ile ile, na jina tunaloipa hutuelekeza cha kuona. Ulaya nayo imepitia hilo. Mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642 unajulikana kama Lindo la Usiku, kumbe tukio lake ni la mchana. Vanishi iliyochafuka ndiyo iliyoufanya uonekane wa usiku, na watu wa baadaye wakaupa jina kwa giza hilo.

Ukuta ambao bado una kazi

Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho mjini Milano karibu na mwaka 1498, ukutani, katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Kidominiko. Rangi ilianza kubanduka mapema. Mwaka 1652 mlango ulitobolewa ukutani hapo na kuondoa miguu ya Yesu. Ukarabati wa mwisho ulichukua miaka zaidi ya 20, ukamalizika mwaka 1999. Lascaux, pango la Ufaransa, lilifungiwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zikiliharibu.

Kondoa ina maadui wake: maji yanayotiririka, vumbi, majina yanayokwanguliwa na wapita njia, na wanaochimba chini ya miamba wakitafuta hazina inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Wapo pia waliomwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha.

Lakini Mongomi ina jambo ambalo Lascaux haina. Warangi bado huenda pale kutambika, kuomba mvua na kuombea wagonjwa, na katika tambiko pombe hunyunyizwa kwenye mwamba. Baadhi ya wahifadhi huona hapo hatari tu. Emmanuel Bwasiri, mtaalamu Mtanzania, ameandika akidai urithi huu ulio hai upewe nafasi katika usimamizi. Nakubaliana naye. Hatari ya kunyunyiza ni ya kweli na lazima izungumzwe, ila izungumzwe na wazee wakiwa wamekaa kikaoni, kwa sababu mtu anayeomba mvua mahali fulani ana sababu nzito kuliko mtalii ya kutaka mahali hapo padumu.

Kutoka Dodoma mjini, barabara ya lami inapita Kondoa hadi Kolo. Wanafunzi wanaweza kwenda na kurudi siku moja. Wakifika, wasipewe neno moja na kuondoka. Waambiwe kwamba Fundi wa Mongomi alijua kusaga ngeu, aliwapenda watu warefu na wembamba, na jamaa zake wanaishi Chemba. Kisha kila mtoto apewe penseli na karatasi, akae mbali na ukuta bila kuugusa, achague umbo moja, alinakili kwa saa nzima kwa macho yake. Atakapofika kwenye mguu wa twiga na kuona mstari umepinda kidogo kuliko alivyotegemea, atakuwa ameanza kumjua aliyeupinda.