Je, Wajua? Upepo Humbeba Mwendesha Pikipiki

Pikipiki ya mtindo wa mashindano humlaza mwendeshaji juu ya tangi la mafuta kwa sababu mishikio ya usukani wake imefungwa chini, lakini maumivu ya viganja hayaletwi na kasi bali na upungufu wake: nguvu ya upepo, ambayo huongezeka mara nne kila mwendo unapoongezeka maradufu, hukiinua kifua na kuipunguzia mikono mzigo ambao katika mwendo wa mjini huielemea. Ndiyo maana wasafiri wa masafa marefu huiinua mishikio hiyo kwa sentimita chache, kazi inayoonekana ndogo ingawa hudai kuhakikisha kwanza kwamba mipira ya breki na waya wa klachi havikazwi usukani unapokatwa hadi mwisho. Kioo kirefu cha mbele, kinachosifiwa kupita kiasi, si dawa ya hakika, kwani huondoa upepo ule ule unaosaidia na, kikikosewa kimo, huusukuma kwa misukosuko hadi kwenye helmeti. Kosa kama hilo huepukwa kwa kupima: pikipiki ya BMW R 100 RS, iliyotolewa mwaka 1976, ilikuwa na ngao kamili ya mbele, yaani bodi inayokinga usukani na mwili, ambayo umbo lake lilipimwa katika handaki la upepo.